Namna ya Kujifunza Curanderismo, Uganga wa Jadi wa Meksiko

Anayetaka kujifunza curanderismo, uganga wa jadi wa Meksiko na wa jamii zenye asili hiyo kusini-magharibi mwa Marekani, kwa kawaida huanzia kwenye majani: hununua vifurushi, hukariri kwamba hili ni la tumbo na lile ni la kikohozi, kisha hudhani ameshaingia. Ningemshauri aanzie kwenye majina ya maradhi, kwa sababu kile anachokitibu curandero, au curandera ikiwa mganga ni mwanamke, mara nyingi hakimo katika orodha ya daktari wa hospitali.

Susto, kwa mfano, ni ugonjwa wa mshtuko. Mtu ameponea ajali au amepokea habari za msiba, na tangu siku hiyo hapati usingizi, hana hamu ya chakula, amenyong'onyea. Husemwa kwamba roho yake imeachana na mwili na inapaswa kuitwa irudi. Empacho ni chakula kilichong'ang'ania tumboni. Mal de ojo humpata hasa mtoto aliyetazamwa sana na mtu mwenye jicho kali, hata kama mtazamaji hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana anayemsifu mtoto huombwa pia amguse. Caída de mollera ni kubonyea kwa utosi wa mtoto mchanga.

Ukishayafahamu hayo, tazama limpia, yaani kusafishwa, ikifanywa na mwenye kuijua. Mganga hulipitisha yai bichi juu ya mwili wa mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni huku akisali, mara nyingi Baba Yetu au Kanuni ya Imani, na pengine humpangusa kwa kichala cha ruda (mmea wa dawa wenye harufu kali), romero (yaani rosmari) na mrihani katikati ya moshi wa ubani wa copal. Kisha hulipasua yai ndani ya bilauri ya maji na kusoma namna ute na kiini vilivyokaa. Historia nzima ya uganga huu imo katika tendo hilo moja: copal ilikuwapo kabla ya Wahispania kufika, ilhali sala, ruda na romero vilivuka bahari pamoja nao.

Kwa upande wa maandishi, anza na kitabu cha mitishamba kilichoandaliwa Tlatelolco, mahali palipo leo ndani ya Jiji la Mexico, mwaka 1552 na Martín de la Cruz, tabibu wa Kinahua (mmoja wa watu wa asili wa Meksiko), na kufasiriwa kwa Kilatini na Juan Badiano. Kilikaa Vatikani muda mrefu hadi kiliporudishwa Meksiko mwaka 1990, na michoro yake ya rangi inaonyesha mimea pamoja na mizizi yake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, UNAM, kina maktaba ya kidijitali ya tiba ya jadi inayosomwa bila malipo, ila ni kwa Kihispania. Asiyejua lugha hiyo ajifunze angalau ya kusomea, kwani bila hiyo atabaki mlangoni. Chuo Kikuu cha New Mexico, mjini Albuquerque, kimekuwa na kozi ya kiangazi ambamo waganga wenyewe hufundisha.

Sasa majani. Shika mmea mmoja kwa wakati mmoja, na uandike jina lake la kisayansi kabla ya jina la sokoni, maana jina la sokoni hudanganya. Árnica ya Meksiko ni Heterotheca inuloides, si arnika ya milima ya Ulaya. Gordolobo, dawa ya kikohozi, limekuwa jina la mimea kadhaa, na mtoto mchanga amewahi kufa huko Arizona, Marekani, baada ya kunyweshwa mmea wa jamii ya Senecio, ambao huharibu ini, ukidhaniwa kuwa ndio wenyewe. Ruda nayo yaweza kuharibu mimba, na utomvu wake ukiguswa kisha ngozi ikapigwa na jua, hutoa malengelenge. Manzanilla, yaani kamomili, ni mwanzo mwema: ni pole, na maua yake hutambulika kirahisi.

Katika Soko la Sonora, jijini Mexico, ambako vichala vya mitishamba hurundikwa hadi juu ya vichwa vya wauzaji, uliza kwanza mmea huandaliwaje na nani hapaswi kuutumia, ndipo uulize bei. Ukipewa greta, unga wa manjano, au azarcón, unga wa rangi ya chungwa kali, kwa ajili ya empacho, usiupokee: zote mbili ni madini ya risasi na zimewatia watoto sumu. Na utosi wa mtoto ukibonyea, hasa akiwa anaharisha au anatapika, mara nyingi amepungukiwa maji mwilini. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na sala zisaliwe njiani.