Kayaki juu ya pikapu: mzigo ni wa bodi, si wa kabini

Gari yangu ni Hilux ya milango minne, na kazi yake kubwa ni kutoa kayaki Paje, hapa Unguja, kuzipeleka mikokoni, leo Michamvi Kae, kesho kisiwa cha Uzi. Nimeshatumia keria tatu, yaani fremu za kubebea kayaki juu ya gari. Ya kwanza niliinunua kwa kuwa ilipendeza machoni. Ya pili ilikuwa rahisi, na urahisi wake niliulipa baadaye. Hii ya tatu nilikaa na fundi tukaipima kwanza, ndipo akawasha mashine ya kuchomea. Hapa naandika tulivyopima.

Hatua ya 1: Pima kayaki kabla hujapima gari

Wengi huanza na gari. Anza na kayaki. Hizi za plastiki za kukalia juu, ambazo ndizo nyingi ufukweni kwetu, za mtu mmoja huwa na urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 20 hadi 25. Za watu wawili hufika mita 4, na kilo 30 hadi 37. Zile nyembamba za safari ndefu za baharini hupita mita 5, ingawa uzito wake si mkubwa.

Sasa piga hesabu. Kayaki mbili za watu wawili ni kilo 70. Keria ya chuma nayo ina kilo zake 25 au 30, tayari umekaribia 100. Fungua kitabu cha gari, utakuta paa la kabini mara nyingi limepewa kilo 75 hadi 100 gari ikiwa kwenye mwendo, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Paa kusimama na watu wawili juu yake gari ikiwa imeegeshwa si hoja. Kuegesha ni jambo moja, tuta ni jambo jengine.

Ukiwa na kayaki zaidi ya nne, acha kusoma hapa ukatafute tela.

Hatua ya 2: Tazama ule ufa

Simama ubavuni mwa pikapu, pale kabini inapoishia na bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kupakilia mizigo, inapoanza. Utaona uwazi wa vidole viwili hivi. Ule uwazi si mapambo. Kabini imefungwa kwenye chesesi, ile fremu ya chini ya gari, kivyake, na bodi kivyake. Gari ikipandisha gurudumu moja juu ya jiwe, chesesi hujikunja kidogo, na hapo kabini huinamia upande huu na bodi upande ule. Mtume mtu aendeshe polepole kwenye mashimo, wewe uutazame ule uwazi. Utauona ukifunguka na kufunga kama mdomo.

Keria yangu ya pili ilikuwa na paipu ya mbele iliyobanwa kwenye paa la kabini, na ya nyuma imesimama kwenye bodi. Kwenye lami ya Bwejuu haikuwa na neno. Siku moja tukafuata njia ya mawe ya kwenda Uzi maji yakiwa yamekupwa, kayaki mbili juu, mikanda imekazwa barabara. Nikawa nasikia mlio kama mlango usiotiwa mafuta, nikadhani ni springi. Tulipofika, weldi ya mguu wa nyuma ilikuwa imepasuka, na kwenye paa, pale kibano kiliposhika, rangi ilikuwa imebanduka hadi kwenye bati. Baada ya miezi pameshaingia kutu, maana kwetu chumvi haingoji kuitwa. Kosa halikuwa la fundi. Nilikuwa nimefunga fimbo ngumu kati ya watu wawili wanaocheza ngoma mbalimbali.

Kwa hivyo chagua mmoja: ama miguu yote iwe juu ya bodi, ama yote juu ya kabini. Kabini nimeshasema haina nguvu hiyo, na juu yake paipu mbili huwa zimekaribiana mno. Bodi imejengwa kwa ajili ya mzigo. Iachie bodi.

Na kama gari bado hujanunua, ile ya milango miwili ndiyo hamali mzuri wa kayaki. Bodi yake ina mita 2 na zaidi, wakati ya milango minne ina mita 1.5 tu. Mimi nilitaka kupakia na wageni, ndiyo maana nikaingia kwenye taabu hii.

Hatua ya 3: Chora fremu, kisha nenda kwa fundi

Usiende kwa fundi na maneno matupu. Mwanakwerekwe na Amani wapo mafundi hodari wa kuchomea, lakini wamezoea mageti na madirisha. Ukimwambia "nitengenezee keria" atakutengenezea geti lililolala. Mpelekee mchoro wenye vipimo.

Kwanza, umbali kati ya paipu mbili za kukingama. Kayaki ya mita 4 inataka angalau mita 1.3, na ukipata 2 ni bora zaidi. Zikikaribiana, omo (ncha ya mbele ya kayaki) na tezi (ncha ya nyuma) hupiga kama ubao wa pembea kila unapovuka tuta, na plastiki huchoka pale pale inapolalia. Kwenye bodi ya mita 1.5 weka moja mbele kabisa na nyengine nyuma kabisa, kisha katikati ya kayaki iangukie katikati ya hizo mbili. Mita 1.3 itatokeza nyuma, na kama hiyo hiyo itatanda juu ya kabini.

Pili, kimo. Paipu zipite juu ya paa la kabini kwa sentimita 10 hivi, kwa sababu omo itakuwa inaelea juu ya kabini na haitakiwi iiguse hata gari ikijikunja. Usizidishe, kwani kila sentimita ya juu ni upepo zaidi na ni kazi ya mabega zaidi wakati wa kupakia.

Tatu, na hili ndilo mafundi wanalolisahau: mishazari. Miguu minne iliyosimama wima peke yake ni meza. Ukifunga breki ghafla kwa sababu ya ng'ombe, meza inataka kwenda mbele. Tia chuma cha mshazari kila upande kwa urefu wa gari, na kimoja au viwili kwa upana, karibu na kabini ili visizibe mlango wa nyuma.

Kwa kayaki za mita 5, fundi arefushe mikono miwili kutoka kwenye fremu kwenda mbele juu ya kabini, sentimita 60 hivi, nayo iwe na mishazari yake. Ipite juu ya paa bila ya kuligusa.

Hatua ya 4: Chuma, na kutu yake

Mimi nimetumia paipu ya mraba ya milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Aluminiamu ni nyepesi na haili kutu kama chuma, ila mtu wa kuichomea vizuri si rahisi kumpata, na ukiifunga kwa bolti za stenlesi bila ya washa ya plastiki katikati, maji ya chumvi yataila aluminiamu pale zinapogusana. Galvanaizi nzuri, lakini ile ngozi ya zinki ikwanguliwe kwanza pahala pa weldi, na fundi akae upande upepo unakotoka, maana moshi wake humtia mtu homa. Baada ya hapo weldi ipakwe rangi ya zinki.

Usikubali fremu ichomewe moja kwa moja kwenye bodi. Toboa, funga bolti, na chini ya bati weka kipande cha chuma bapa ili nati isije ikazama. Ukingo wa kila tundu upake rangi siku hiyo hiyo. Na kama kuna weldi yoyote itakayopigwa gari ikiwa karibu, vua waya wa betri.

Paipu zizibwe ncha zote, na kila moja iachiwe tundu dogo kwa chini maji yatoke.

Hatua ya 5: Kitanda cha kayaki

Nilianza kwa kuzungushia sponji la godoro. Sponji hunywa maji ya chumvi, hukaa nayo wiki nzima, na chini yake chuma kinaoza hukioni. Tafuta kitu kisichonyonya. Soli za malapa ya zamani, zile bahari inazotuletea kila siku bila ya kuagizwa, zikikatwa na kufungwa kwa mpira wa tyubu, zinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kayaki ya kukalia juu ilaze kifudifudi, sehemu ya kukalia ikitazama chini. Kingo zake ndizo ngumu, na haijai maji ya mvua njiani. Ukitaka kupakia tatu au nne, zisimamishe kwa ubavu, zikiegemea vyuma viwili vya wima katikati ya fremu.

Hatua ya 6: Kufunga

Mikanda ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini, iache kwa wabeba saruji. Ina nguvu kuliko plastiki, na jua la saa saba limeshailainisha kayaki, kwa hiyo utaibonyeza bila ya kuhisi. Tumia mikanda ya bakli inayobana kwa kuvuta kwa mkono, miwili kwa kila kayaki, mmoja kwenye kila paipu. Kayaki ikibonyea, usiitupe. Mara nyingi ukiianika juani au ukiimwagia maji ya moto hurudi umbo lake.

Mkanda usokote mara moja kabla ya kuukaza, usipige kelele kwenye upepo.

Halafu kamba ya omo na kamba ya tezi. Watu huziona za ziada. Kusi likivuma nawe unarudi Paje, upepo unakuja uso kwa uso na kuingia chini ya omo, na mikanda miwili ya katikati haiwezi kuizuia isinyanyuke. Kule Pemba kwenye vilima na kona, kamba hiyo hiyo huzuia mzigo usiteleze nyuma. Faida nyengine: kamba ya omo ipo mbele ya macho yako. Ikilegea, jua kuna kitu kimehama, simama.

Kamba iwe ya polista. Nailoni hurefuka ikirowa, na ya usumba hukaza ikirowa kisha hulegea ikikauka. Nyuma funga kitambaa chekundu, na usiku taa, kwa ajili ya bodaboda.

Hatua ya 7: Safari ya kwanza

Ukishapakia, pima kimo kutoka chini hadi juu ya kayaki, ukiandike kwenye karatasi ubandike mbele ya usukani. Mageti mengi ya hoteli huku kwetu yana upinde wa makuti. Mimi yangu ni mita 2.4, na upo upinde mmoja ambao unanifanya nishushe kayaki nje na kuzibeba begani.

Mikanda hulegea baada ya kilomita za mwanzo, hata uikaze vipi. Nikienda Uzi nasimama Kitogani kabla ya matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Natikisa kayaki kwa omo, si kwa katikati. Ikitikisika pamoja na gari nzima, naendelea. Ikitikisika peke yake, nafungua bakli naanza upya.