Kijana anavuta kokteli na anataka kuacha, muanzie wapi

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu, kuanzia Tandahimba mpaka Mtwara mjini, hela inakuwepo na kete, vile vipakiti vya heroini, nazo zinaifuata hela. Kesi inayosumbua familia nyingi ni ya kijana anayevuta kokteli, yani unga (heroini) umenyunyiziwa kwenye msokoto wa bangi, halafu siku akitaka kuacha anasema "unga naacha, bangi niachieni inishushe taratibu". Mama anakubali, mjomba naye anakubali maana bangi anaiona afadhali. Msikubali haraka hivyo.

Iko hivi, kwenye ubongo kuna vipokezi vinaitwa CB1, hivyo vinashikwa na THC ya bangi, na kuna vingine vinaitwa mu, hivyo vinashikwa na heroini, mofini, hata tramadoli, na vyote viwili vipo kwenye zile sehemu zinazoendesha dopamini, ambayo ndo inamfanya mtu atake kurudia. Mwaka 1997 watafiti walipima panya wakaona THC inapandisha dopamini, ila panya akipewa kwanza naloksoni, ambayo ni dawa ya kuzuia heroini, dopamini haipandi. Na panya waliotengenezwa wasiwe na CB1 kabisa, mofini haikuwanogea na arosto yao, yani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, ilikuwa nyepesi. Kwahiyo hizo njia mbili zinaongea. Halafu tuseme ukweli, kwa mtu wa kokteli ule msokoto wenyewe, harufu yake, karatasi yake, tayari unamwita kwenye unga.

Sasa kazi ya kwanza ni kujua arosto ipi ni ipi, hapa ndo wengi wanachemka. Muulizeni kete ya mwisho alivuta saa ngapi. Arosto ya unga inaanza mapema, ndani ya siku moja: miayo mfululizo, kamasi, machozi, vinyweleo vinasimama, mboni za macho zinatanuka, mifupa inauma, kuhara na kutapika, inakaa kama wiki hivi. Mpeni maji yenye chumvi na sukari, ORS ikiwepo ndo vizuri zaidi, maana kuhara kule kunamkausha. Ya bangi inachelewa, siku ya kwanza mpaka ya tatu, na haina kuhara kule: hasira za bure, usingizi hauji, ndoto za ajabu, chakula hakitaki, inaweza kufika wiki mbili. Kwahiyo unga ukishatulia na kijana bado anagombana na kila mtu, msiseme ana mapepo au amerudia, huenda ni bangi inatoka.

Hospitali, iwe Ligula au Sokoine pale Lindi, tajeni vyote, bangi, unga, na pombe kama ipo, msifiche kwa aibu. Ulizieni methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga, Tanzania ilianza kutolewa mwaka 2011 pale Muhimbili na sasa ipo mikoa kadhaa, wawaelekeze ya karibu. Akianza methadoni, pombe na vidonge vya usingizi marufuku, vikichanganyika vinaua.

Kitu cha mwisho, kijana akikaa wiki kadhaa bila unga mwili unasahau dozi, akirudia kipimo kilekile anaweza kuacha kupumua. Bangi peke yake haifanyi hivyo, CB1 ni chache kule ubongo unakoongoza pumzi. Mkimkuta amezimia, mboni ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma, midomo inabadilika rangi, mlazeni ubavu, maziwa msimnyweshe, bodaboda au bajaji yoyote mbio hospitali. Akichomwa naloksoni akaamka anataka kuondoka, mkatalieni, dawa ile inaweza kuisha ndani ya saa moja na unga bado umo.