Mteja akisema "nina mawazo mengi": kuendesha unasihi wa kutatua matatizo, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mnasihi anayeanza kazi, na wa mhudumu wa afya ya jamii aliyepata mafunzo na ana msimamizi. Kama huna msimamizi wa kumpelekea kesi zinazokushinda, mtafute kwanza, kisha urudi hapa.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Thomas D'Zurilla na Marvin Goldfried waliiandika kwa mpangilio mwaka 1971 huko Marekani. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyezidiwa anaweza kufundishwa kuzikabili shida zake kwa hatua. Barani kwetu iliyoipa jina ni kazi ya Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe. Mwaka 2006 alianza na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawaketisha na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliofanywa katika zahanati 24 na watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na wahudumu hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo lina mfumo wake wa vikao vitano vya dakika 90, na ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia.

Kwa hiyo shahada si sharti. Kinachotakiwa ni kujizuia kutoa ushauri mapema, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Mtu hajamaliza hata sentensi ya pili, tumeshamwambia avumilie, aombe Mungu au amwache mume.

Mfano nitakaoutumia ni wa mama muuza mahamri wa Pwani. Nimechanganya visa vya watu kadhaa, kwa hiyo usijaribu kumtambua.

Hatua ya 1: Mahali, salamu na siri

Chini ya mwembe panatosha, mradi foleni ya dirisha la dawa isisikie. Mteja akiwa mkubwa kwako, mwamkie kama unavyowaamkia wakubwa wako nyumbani, na umwite mama au mzee. Fomu baadaye.

Kisha eleza siri pamoja na mipaka yake, kwa maneno mafupi: "Mama, tutakayozungumza hapa hayatoki. Ila nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au kuna mtoto anaumizwa, itabidi nimhusishe mtu wa kusaidia. Nitakwambia wewe kwanza." Usiahidi siri isiyo na mwisho. Siku utakapolazimika kuivunja, hutamwona tena.

Hatua ya 2: Sikiliza mpaka maji yatulie

Mwaka 1957 Carl Rogers aliandika masharti ambayo mpaka leo hatujapata mbadala wake. Matatu kati ya hayo yanamhusu mnasihi: awe mkweli, amkubali mteja bila kumhukumu, na aione hali kama mteja anavyoiona. Kwenye benchi yanasikika hivi:

"Nina mawazo mengi, mwanangu. Kichwa kimejaa."

"Kimejaa, mama."

"Eeh. Usiku ndio balaa. Nikilala kidogo nashtuka, nafikiria simu."

"Usiku unashtuka kwa sababu ya simu."

"Watapiga. Wakinikosa mimi watampigia dada yangu. Aibu hiyo nitaiweka wapi?"

Mnasihi hajauliza swali hata moja, lakini habari ya simu imetoka, na chini yake imetoka habari ya aibu. Angeanza na "Una watoto wangapi? Unalala saa ngapi?" angejaza fomu tu. Mteja akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimwambie asilie.

Hatua ya 3: Pima, na uulize swali gumu

Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 27. Kwa kawaida alama 10 kwenda juu huashiria kwamba sonona inahitaji kushughulikiwa, na 20 kwenda juu ni kali. Asiyesoma vizuri msomee, taratibu, bila kumpendekezea jibu.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lisome kama lilivyo. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna aliyeuliza. Akikubali, endelea: Umefikiria njia gani? Hicho kitu kiko nyumbani? Lini? Akiwa na mpango na njia, weka mbinu hii kando. Usimwache peke yake. Kwa ridhaa yake mwite ndugu anayemwamini, hakikisheni dawa ya kuua wadudu au chochote alichokitaja kinaondolewa nyumbani, na rufaa ifanyike siku hiyo hiyo, asindikizwe. Asipokubali ndugu aitwe na hatari bado ipo, ule mpaka wa siri ulioueleza mwanzoni ndio huu.

Wapo wanaoficha kwa kuogopa polisi. Kwa Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Mweleze, kwa sababu hofu hiyo huwafunga watu midomo.

Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayetetemeka kwa kuacha pombe ghafla, ni wa daktari. Usimwanzishie vikao.

Hatua ya 4: Tandaza shida zote, kisha zigawe

Andika kila anachokitaja, kwa maneno yake. Asiyesoma achorewe alama au awekewe kijiwe kwa kila shida. Mama wetu alitaja mikopo ya simu, ada ya mtoto, mume wa baharini asiyepiga simu, kifo cha mamake, na jirani anayemsema.

Sasa zigawe naye katika mafungu matatu: yaliyo ndani ya uwezo wake walau kidogo, yasiyobadilika, na yasiyo na uzito leo. Anayegawa ni yeye. Jirani alimweka fungu la mwisho huku akicheka, na kucheka huko kulikuwa dalili njema kuliko alama za dodoso. Mamake hatarudi, hilo ni fungu la pili. Mikopo ilibaki mbele yake.

Mwache achague moja ya kuanzia. Nikiona amechagua zito kupita kiasi, huwa namuuliza: "Katika haya, lipi likisogea hata kidogo utapata usingizi?"

Hatua ya 5: Ibane shida mpaka ishikike

Hapa ndipo penye kazi, na kikao kizima kikiishia hapa usijilaumu. "Shida ya pesa" haitatuliki na mtu yeyote. Uliza nani, nini, kiasi gani, lini, halafu kinatokea nini. Baada ya nusu saa mama alifika hapa: anadaiwa shilingi 8,000 na programu mbili za mikopo ya simu, ya kwanza inataka 3,000 Ijumaa, ana 1,200 mkononi, na kinachomnyima usingizi hasa ni dada yake kupigiwa simu.

Tazama jinsi shida ilivyogeuka. Mwanzo ilikuwa umaskini, sasa ni simu moja kwa mtu mmoja.

Hatua ya 6: Njia zote, hata za kipuuzi

Mwambie ataje njia zozote bila kuzipima. Ukisema "hiyo haitafaa" mara moja tu, atafunga mdomo. Alitaja kuuza simu, kukopa chama, kumwambia dada mapema, kuzima laini, kuomba muda kwa mkopeshaji, na kuhamia Lamu.

Taarifa si sawa na ushauri, na hapa inaruhusiwa. Nilimwambia kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Nikaishia hapo. Kisha mkazipime pamoja: ipi anaiweza, ipi itamletea shida mpya. Alichagua mbili, kumwambia dada na kuomba muda.

Hatua ya 7: Mpango wenye siku na saa

"Nitazungumza naye" si mpango. Lini? Jumatano baada ya alasiri, dada akishafunga duka. Utaanzaje? Akalijaribu neno la kwanza palepale, mimi nikiwa dada. Mara ya kwanza alizungukazunguka, ya pili akalisema. Uliza pia kitakachomzuia, na atafanya nini kikitokea. Mpango uwe mdogo kiasi kwamba hata siku mbaya unatekelezeka.

Hatua ya 8: Kikao kinachofuata

Anza na mpango, usianze na "habari za siku nyingi". Amefanya? Mpongeze kwa kutaja alichokifanya hasa. Hajafanya? Usimkaripie, maana mara nyingi mpango ulikuwa mkubwa au shida haikubanwa vizuri. Rudini hatua ya 5. Kwa yale yasiyobadilika, kama msiba wa mamake, utatuzi hauna nafasi: mfundishe kupumua polepole kwa tumbo, mrudishe kwenye shughuli moja aliyoiacha, na kwa watu aliojitenga nao. Yeye alirudi kwenye dufu la jioni ya Alhamisi, akisema ataketi tu. Mwache aketi.

Rudia PHQ-9 kila baada ya vikao viwili au vitatu. Kushuka kwa alama tano ni nafuu ya kweli. Kama kufikia kikao cha tano hazijashuka, au swali la tisa limebadilika kuwa baya, mpelekee msimamizi faili wiki hiyo hiyo na umweleze mteja kwa nini, akiwa ameketi mbele yako.