Wadhamini katika maombi ya kazi ya uyaya: namna ya kuwachagua na kuwaandaa

Nimetoka kumsaidia binti mmoja anayeomba kazi ya uyaya. Kazi anaijua, watoto wanamzoea upesi, na kwenye mahojiano anajieleza vizuri. Lakini mambo yalikuwa yanakwama palepale: familia ikishampigia simu mdhamini wake, yaani mtu aliyemtaja athibitishe kazi yake ya zamani, haimtafuti tena. Tulipofuatilia tukakuta mdhamini hana ubaya naye hata kidogo. Alikuwa anapigiwa akiwa katikati ya shughuli zake, hajui ni nani anayeuliza, miaka haikumbuki, anajibu kwa mkato. Aliyepiga akasikia anasitasita, akadhani kuna jambo linafichwa. Mayaya wengi wazuri wanakosa kazi namna hii, ndiyo maana nauandika utaratibu huu.

Hatua ya 1: Orodhesha familia zote

Chukua daftari. Kwa kila familia andika mwezi na mwaka ulioanza na kumaliza, umri wa kila mtoto ulipoingia na ulipoondoka, kama ulikuwa unalala hapo au unarudi kwako, na sababu ya kuondoka. Tarehe hizi ndizo zitakazoingia kwenye wasifu wako, na ndizo utakazompa mdhamini.

Hatua ya 2: Chagua wawili au watatu

Mwajiri wa mwisho awemo ikiwezekana, maana asipokuwemo utaulizwa kwa nini. Kama bado uko kazini kwake na hajui kwamba unatafuta kwingine, iambie hivyo waziwazi familia unayoiomba. Familia ya kiungwana itaelewa. Mwingine awe na mtoto wa umri unaokaribiana na wa familia unayoiomba. Mtu anayetafuta mlezi wa mtoto wa miezi 4 hatulizwi na habari za kumpeleka shule mtoto wa miaka 9.

Hujawahi kuajiriwa? Mtafute jirani uliyemkalia watoto, au mwalimu wa chekechea ulikojitolea. Ndugu wa damu hapana, hata kama kweli umemlelea wanawe. Uzoefu huo uandike kwenye wasifu, ila wa kuuthibitisha awe mtu mwingine. Na usitoe namba ya rafiki ili ajifanye alikuwa bosi wako. Akiulizwa mtoto alikuwa analala saa ngapi mchana, uongo unaanguka hapohapo, na unaanguka na jina lako.

Hatua ya 3: Mwandae mdhamini kabla hajapigiwa

Hapa tulia, hapa ndipo kazi zinapopotea.

Kwanza, omba ruhusa, hata kama mliagana kwa machozi. Mimi napendelea kupiga simu kwanza, kisha kutuma ujumbe ili awe na maandishi ya kurejea. Ujumbe uwe hivi:

"Habari za siku nyingi, Mama Neema. Natumaini nyote hamjambo. Naomba kazi kwa familia yenye mtoto wa miezi 7, na ningependa kukutaja kama mdhamini wangu. Nilikuwa kwenu kuanzia Machi 2021 hadi Agosti 2023. Neema alikuwa na miezi 5 nilipoanza. Niliondoka mlipohama. Huenda wakauliza nilivyokuwa nikimlaza, na zile siku alipougua homa. Je, uko radhi? Na wakupigie saa ngapi ili wasikusumbue?"

Tazama ujumbe huo unafanya nini: unamrudishia tarehe, umri, sababu ya kuondoka na tukio moja la kusimulia. Haumpangii cha kusema. Ukimwandikia majibu atayasoma kama mtoto anayekariri, na anayepiga atasikia. Mkumbushe yaliyotokea, maneno yawe yake.

Pili, jua maswali yanayokuja. Wanauliza tarehe, majukumu, kuwahi kazini, matumizi ya simu ukiwa na mtoto, ulivyomtuliza alipolia au kugoma kula, na kama ulitoa taarifa kabla ya kuondoka. Halafu linakuja lile zito: "Ungemchukua tena?" Mdhamini akijibu "ndiyo" bila kusita, mengine yote yanapungua uzito. Kwa hiyo muulize wewe mapema: "Wakikuuliza kama ungenichukua tena, utawajibuje?" Akianza kuzunguka, mshukuru kwa adabu na utafute mwingine. Afadhali ujue leo.

Tatu, kuna swali la udhaifu wako. Usimwombe afiche. Mweleze wewe mwenyewe umejibu nini kwenye mahojiano. Kama ulisema mwanzoni ulikuwa mzito kuongea jambo likikukera, naye akasema hivyohivyo, udhaifu huo unageuka kuwa ushahidi kwamba wewe ni mkweli.

Nne, angalia ni nani hasa atakayepokea. Mayaya wengi hutoa namba ya aliyekuwa akilipa mshahara, kumbe aliyeshinda nyumbani na kukuona ukiwa na mtoto ni mzazi mwenzake au bibi. Mimi naona aliyekuona ana thamani kuliko aliyekulipa. Kama wote wawili wanakubali, wataje wote chini ya familia moja.

Tano, namba. Hakikisha inapatikana bado. Watu wengi hawapokei namba wasizozijua, hivyo siku familia inapotaka kupiga, mtumie mdhamini jina la mpigaji na namba yake. Kama anaishi nchi nyingine, wape familia saa zinazofaa kwa majira ya huko. Mjulishe upya kwa kila ombi, na matokeo yakitoka mpigie umwambie, umepata au hujapata.

Hatua ya 4: Familia mliyoachana vibaya, au isiyopatikana

Usiifute kwenye wasifu. Pengo la mwaka mzima linazua maswali kuliko ugomvi. Sema kwa ufupi: "Tulitofautiana kuhusu saa za kazi, nikatoa taarifa nikaondoka." Ishia hapo. Ukianza kumwaga siri za nyumba ile, anayekusikiliza anawaza siri za nyumba yake zitasemwa wapi. Kisha mtafute shahidi mwingine wa kipindi hichohicho: mwalimu uliyemkabidhi mtoto kila asubuhi, au jirani aliyekuona naye kila siku.

Hatua ya 5: Barua

Barua ya mwajiri ya kuthibitisha kazi yako iombe wiki ya mwisho kabla hujaondoka, siyo mwaka mmoja baadaye. Iwe na tarehe, muda uliofanya kazi, umri wa watoto, majukumu, saini na mawasiliano. Usiiandike mwenyewe ukawapelekea watie saini; barua tatu zenye sauti moja zinajulikana. Barua haichukui nafasi ya simu, ila inakuokoa mdhamini asipopatikana.

Hatua ya 6: Namba zitoke lini

Zitoke mwishoni, baada ya mahojiano, familia inapoonyesha nia ya kweli. Zisiwe kwenye tangazo wala kwenye ujumbe wa kwanza. Kwenye wasifu andika tu kwamba wadhamini watatajwa baada ya mahojiano. Hizo ni namba za watu wenye watoto wadogo, na asiyejulikana hapaswi kuzipata kwa kuomba tu. Tena mdhamini anayepigiwa na kila familia unayoijaribu huchoka, na uchovu wake unasikika. Picha za watoto na majina yao kamili usizitume kabisa.

Hatua ya 7: Nawe uliza

Wakishazungumza na wadhamini wako, omba kuzungumza na yaya aliyekutangulia. Muulize kama mshahara ulifika kwa wakati, kama saa za kazi walizokubaliana zilibaki zilezile, kama kazi nyingine za nyumba ziliongezeka, na kwa nini aliondoka. Kama ndiye yaya wao wa kwanza, watakuambia. Kama alikuwepo lakini hawataki uzungumze naye, uliza sababu, na usikilize jibu hilo kwa makini kabla hujakubali kazi.