Jinsi ya kuomba swali la zahanati yenu liulizwe bungeni

Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, kuta zikafika kwenye lenta. Kisha kimya. Leo ndani ya boma lile la zahanati kumeota mipapai, na mama mwenye uchungu bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku. Kama kwenu ni hivyo, mwombeni mbunge aulize. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Tanzania inaruhusu Waziri kuulizwa swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake.

Anzieni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu. Jambo lijadiliwe, liingie kwenye muhtasari, na mtendaji agonge muhuri. Barua yenye muhtasari ni ya kijiji kizima, hakuna atakayesema ni ya mtu mmoja mwenye kinyongo. Diwani apewe nakala.

Halafu jueni swali linakwenda kwa nani. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Hospitali za rufaa za mikoa ni za Wizara ya Afya.

Barua iwe ukurasa mmoja: jina la kijiji na kata, mwaka ujenzi ulipoanza, ulipofikia, wananchi walichochangia, kilomita hadi kituo cha karibu. Ambatisheni picha za boma. Kisha andikeni swali lenyewe, na hapa msifanye haraka. Mkiuliza “Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya?” mtajibiwa mipango ya nchi nzima na kijiji chenu hakitatajwa. Ulizeni hivi:

“Je, lini Serikali itapeleka fedha za kukamilisha boma la Zahanati ya Kijiji cha (jina), lililojengwa kwa nguvu za wananchi tangu mwaka 2019?”

Neno “lini” linadai tarehe. Jina la kijiji linamlazimu anayeandaa majibu aulizie halmashauri yenu, na mara nyingi hapo ndipo faili lililolala huamka.

Mbunge akishajibiwa huruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Mwandalieni na hayo. La kwanza liwe la watumishi: jengo likikamilika, mganga na muuguzi watapangwa lini? La pili, nyumba ya mtumishi, maana muuguzi anayeishi mbali hawezi kuitwa saa nane usiku.

Pelekeni barua ofisi ya mbunge jimboni mapema, maana swali husubiri kupangiwa siku. Bunge la bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo Januari si mapema mno. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikiwa mbunge wenu ni waziri au naibu waziri, yeye hujibu maswali, haulizi. Mwendeeni mbunge wa viti maalum wa mkoa wenu.

Siku ikifika, jibu huingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, nayo hupatikana kwenye tovuti ya Bunge. Lichapisheni, lisomwe kwenye mkutano wa kijiji unaofuata. Waziri akitaja mwaka wa fedha na kiasi, viandikwe kwenye muhtasari, na diwani aende navyo kwenye Baraza la Madiwani kuuliza kama fedha hizo zimeingia.