Bakuli la Mtama, Kamba na Kachumbari ya Embe: Namna ya Kulipika Jikoni Nairobi

Bakuli la nafaka lenye vyakula vya baharini na kachumbari ya matunda ni mlo unaopikika vizuri kabisa katika jiko la kawaida la Nairobi, lenye meko mawili ya gesi na friji ndogo, mradi mpishi ajue ni sehemu gani inayodai muda na ni ipi inayodai wepesi wa mkono. Kamba huiva kwa dakika chache, na kachumbari haihitaji moto. Nafaka ndiyo huwakwamisha watu, kwa kuwa muda unaoandikwa katika mapishi mengi ni muda wa mahali palipo karibu na usawa wa bahari, na Nairobi haipo huko. Kwa sababu hiyo nimeieleza hatua ya nafaka kwa urefu kuliko nyingine zote.

Vipimo vifuatavyo vinawatosha watu wanne: vikombe 2 vya mtama mweupe mkavu, kilo 1 ya kamba wenye vichwa na maganda, au gramu 600 za waliomenywa, maembe 2 makubwa, kitunguu chekundu 1, tango 1, maparachichi 2, nazi 1, ndimu 4, pilipili mbichi 1 au 2, fungu moja la dania, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, mafuta ya alizeti, pilipili manga na chumvi.

Hatua ya 1: Kununua

Mtama nunua eneo la Nyamakima, katikati ya jiji, kwenye maduka ya nafaka, ambako utaruhusiwa kutia mkono guniani na kutazama unachokinunua. Chagua mweupe. Mtama mwekundu mara nyingi una tanini nyingi zaidi, ambazo huukausha ulimi na kuacha uchungu, na ingawa uchungu huo hufaa katika uji, hapa huua utamu wa kamba. Mtama wa aina ya Gadam, unaolimwa kwa wingi Kitui, Machakos na Tharaka-Nithi, unafaa sana. Jihadhari na jambo moja tu: mbegu za kupanda hupakwa dawa na kutiwa rangi ili zijulikane. Punje zenye rangi ya waridi, kijani au buluu si chakula, na kuziosha hakuziondolei sumu.

Kamba hupatikana katika vibanda vya samaki vya City Market, barabara ya Muindi Mbingu, na katika friji za maduka makubwa. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480 kwa barabara, kwa hiyo kamba anayelala juu ya barafu mbele yako mara nyingi amekwisha kugandishwa na kuyeyushwa. Mimi hupendelea kamba aliyegandishwa ambaye bado ni mgumu kama jiwe kuliko aliyeyeyuka na kuitwa mbichi, kwani wa kwanza saa zake zimesimama na wa pili zinakwenda. Muulize muuzaji waziwazi, na ukiambiwa kwamba waliwahi kugandishwa, usiwagandishe tena nyumbani; wapike siku hiyohiyo. Kamba mzuri ana ganda linalong'aa, kichwa kilichoshikamana na mwili, na harufu ya maji ya chumvi. Madoa meusi kichwani ni dalili ya kukaa muda mrefu, si lazima awe ameoza. Lakini harufu kali inayopanda puani kama ya mkojo haina msamaha.

Embe liwe limeiva lakini bado linasukuma kidole. Maembe ya Makueni na Machakos hujaa katika soko la Marikiti kuanzia Desemba hadi Machi, na katika hayo mimi huchagua embe la aina ya Apple, kwa kuwa halina nyuzinyuzi na hukatika vipande safi. Embe la aina ya Ngowe ni tamu sana, ila likiiva kabisa hupondeka kisuni.

Hatua ya 2: Mtama

Kabla ya yote, fahamu kinachotokea ndani ya sufuria. Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, inayakandamiza maji kidogo kuliko hewa ya pwani, na kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Kuongeza gesi hakuyafanyi yawe moto zaidi. Huyafanya yakauke upesi tu. Punje nzima ya mtama, ambayo bado ina ganda lake, hupenywa na maji polepole, na upungufu huo wa nyuzi chache hurefusha upishi kwa kiasi kinachoonekana. Shemeji yangu wa Umoja alinipigia simu jioni moja, wageni wakiwa sebuleni: "Shemeji, mtama huu umechemka saa nzima kama walivyoandika, na bado unalia chini ya meno." Hakuwa amekosea lolote. Muda aliopewa ulikuwa wa mahali pengine, na tuliumalizia upishi ule kwa simu hadi karibu saa nne usiku.

Anza usiku wa kuamkia siku ya mlo. Pepeta mtama kwenye ungo, kisha umimine kidogo kidogo juu ya sinia nyeupe na uchague mawe. Usiamini macho yako chini ya taa hafifu, kwa maana vijiwe vingi vina ukubwa na rangi ileile ya punje. Osha kwa maji baridi mara kadhaa hadi maji yasiwe na vumbi wala maganda yanayoelea, halafu loweka katika maji yanayoufunika kwa kina cha kiganja. Saa 8 zinatosha, na 12 ni bora. Zikizidi hapo jikoni kukiwa na joto, mtama huanza kuchacha. Ukilazimika kuchelewa, uweke kwenye friji. Asubuhi mwaga maji hayo na usipikie.

Sasa kuna njia mbili. Njia ninayoipendekeza kwa mkazi wa Nairobi ni sufuria ya presha, kwa sababu inatibu tatizo lenyewe: mvuke uliofungiwa huongeza mgandamizo, na maji hupanda joto kupita nyuzi 100 kabla ya kuchemka. Tia mtama uliolowekwa, vikombe 6 vya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Mafuta hayo si ya ladha. Mtama hutoa povu, na povu likipanda linaweza kuziba tundu la mvuke, hivyo usiyaache, na vilevile usijaze sufuria kupita nusu. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, punguza moto na hesabu dakika 25. Zima, kisha uiache sufuria ishuke presha yenyewe. Usiiweke chini ya bomba wala usiinue kizibo kwa uma ili kuharakisha. Pamoja na hatari ya kuungua, mshtuko huo hupasua punje na kuzigeuza kuwa uji juujuu huku ndani zikiwa hazijaiva vizuri.

Njia ya pili ni sufuria ya kawaida yenye kitako kizito. Tumia vikombe 8 vya maji, yachemshe kwanza, tia mtama na chumvi, kisha punguza moto hadi maji yawe yanatokota kwa utulivu na ufunike. Tenga saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Weka birika la maji moto kando, maana maji yakipungua ni lazima uongeze yaliyo moto. Ya baridi hukatiza upishi na kukurudisha nyuma. Usikoroge mara kwa mara, kwani kukoroga huondoa wanga na kuufanya mtama ushikane. Mtama wa zamani, uliokaa ghalani misimu kadhaa, huchukua muda zaidi hata ukilowekwa, na hakuna namna ya kuujua kwa macho. Kwa hiyo saa ni mwongozo tu.

Hukumu ya mwisho ni ya meno, kwa njia zote mbili. Toa punje tatu kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, zipoze, uzing'ate moja moja. Punje iliyoiva hustahimili jino kidogo, halafu huachia, na ukiikata katikati kwa ukucha ndani yake ni pa rangi moja hadi kiini. Ukiona kitone cheupe cha unga mkavu katikati, rudisha motoni kwa dakika 10 kisha uonje tena. Punje chache zikiwa zimepasuka, usiwe na wasiwasi, hiyo ni ishara njema. Nyingi zikipasuka, epua mara moja.

Mwaga kwenye chujio, uache maji yote yatiririke, halafu utandaze mtama kwenye sinia pana ili mvuke utoke. Utandazaji huu ndio unaofanya punje zisimame kila moja peke yake. Nafaka iliyopikwa haipaswi kukaa jikoni kupita saa 2 bila friji, kwa sababu kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa na ambavyo huzaana upya katika chakula chenye uvuguvugu.

Wapo wanaopenda kutumia wali wa pishori wa Mwea mahali pa mtama. Ni mtamu, lakini harufu yake hushindana na ya kamba, na ukipoa hushikana. Mtama hubaki punje punje, na hupokea tui bila kulegea.

Hatua ya 3: Tui

Ikune nazi, kamua tui zito la kwanza tu, lipate kikombe kimoja. Tia chumvi, tangawizi iliyotwangwa na maji ya nusu ndimu. Usilipashe moto. Tui la kopo linakubalika ikiwa halina sukari.

Hatua ya 4: Kachumbari ya embe

Kata kitunguu kiwe vipande vyembamba sana, kisugue kwa chumvi, kioshe na ukikamue. Ukali wake wote utatoka na maji. Embe na tango vikatwe vipande vidogo vinavyolingana na punje ya hindi, ili kila kijiko kichukue kila kitu. Ongeza pilipili isiyo na mbegu na dania iliyokatwa wakati huohuo, si mapema. Changanya kwa miiko miwili, kwa kuinua kutoka chini, bila kuponda.

Chumvi na ndimu vitiwe dakika 10 tu kabla ya kula. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye embe na tango, na kachumbari iliyotiwa chumvi saa moja kabla huogelea katika maji yake yenyewe.

Msimu wa embe ukipita, nanasi linafaa, na papai pia, kwa sharti moja ambalo halina mjadala: yasiguse kamba kabla ya kufika mezani. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelini na papai lina papaini, na vyote viwili huvunja protini. Kamba aliyelala katika maji ya nanasi hugeuka kuwa laini na mwenye unga hata kabla hajaona moto.

Hatua ya 5: Kamba

Waliogandishwa wayeyushie kwenye friji usiku kucha, au katika mfuko uliofungwa vizuri ndani ya maji baridi kwa nusu saa hivi. Maji ya moto yasitumike kamwe. Ng'oa kichwa, menya ganda ukiacha mkia, chana mgongo kwa ncha ya kisu na utoe ule uzi mweusi, ambao ni utumbo. Vichwa na maganda usivitupe. Vikichemshwa kwa dakika 20 hutoa mchuzi mzuri wa siku nyingine.

Wakaushe kwa kitambaa safi, kila mmoja, pande zote. Sisitizo langu ni hili, kwa kuwa kamba mwenye maji huteremsha joto la kikaango, na badala ya kukaangika hutokoseka. Changanya na kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili manga, chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Ndimu bado, asidi yake huanza kukaza nyama mapema na kuiacha ngumu.

Tumia kikaango cha chuma kizito. Vikaango vyepesi visivyonata sivipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu havihifadhi joto na havipaswi kuachwa vitupu juu ya moto mkali. Kipashe hadi tone la maji liruke na kupotea, tia mafuta, kisha panga kamba wasigusane. Wagawe mafungu mawili. Upande wa kwanza dakika moja na nusu bila kuwagusa, upande wa pili dakika moja. Nyama ikigeuka kutoka uangavu wa kijivu na kuwa nyeupe yenye wekundu hadi sehemu nene kabisa ya mgongo, epua, kwani joto lililobaki litamalizia. Aliyejikunja kabisa mpaka mkia ukagusa shingo amepitiliza. Kamua ndimu juu yao wakiwa sahanini.

Ukipata ngisi badala ya kamba, mkate pete na umkaange kwa dakika moja na nusu kwa jumla. Akizidi hapo hukaza kama mpira, na itakubidi umpike zaidi ya nusu saa ndipo alainike tena. Iwapo una mgeni, muulize mapema kama mwili wake unakataa kamba, maana mzio wa aina hii unaweza kuwa wa hatari.

Hatua ya 6: Kupakua

Mtama uwe vuguvugu. Weka chini ya bakuli, mwagia vijiko vitatu vya tui, panga parachichi upande mmoja na kachumbari upande wa pili, halafu kamba juu, wakiwa moto. Usikoroge; kila mtu achanganye anavyopenda.

Mtama uliobaki hukaa kwenye friji siku tatu, na kamba hadi kesho yake, na waliwe baridi, kwani wakipashwa tena hukauka. Kachumbari iliyokwisha kutiwa chumvi imalizeni palepale mezani.