Kumfundisha kijana wa sekondari hela, anza na posho ya wiki

Kwanza acha kumpa hela kila akiomba. Mpe posho ya wiki nzima jumapili, tuseme elfu 10, nauli ya shule pembeni, af ikiisha jumatano na bando limekata usiongezee, hata akinuna, hapo ndo somo lenyewe lilipo. Mama nae asipitishe ya chini chini.

Mwenye simu aandike humo humo matumizi, chipsi, soda, bando, msikague kama polisi, mkae nae tu mwisho wa mwezi mjumlishe, atashtuka mwenyewe.

Akishaweza kubakisha ndo muende kwenye uwekezaji. UTT AMIS, kampuni ya serikali ya Tanzania inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto, mzazi anafungua kwa jina la mtoto, unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, kidogo kidogo na bei yake inatangazwa, kwaiyo mpe kazi ya kuifuatilia. Mpigie na hesabu: laki moja ikikua asilimia 10 kwa mwaka inakua 110,000, wa pili 121,000 sio 120,000, mwache atafute ile buku imetoka wapi. Akiendelea hivyo bila kugusa, mwaka wa nane imepita laki mbili. Ila muambie ukweli, asilimia 10 ni mfano tu, hamna aliyeahidi.

Na zile grupu za Whatsapp za weka elfu 50 uvune laki, msimulie DECI ya 2009, ule upatu wa Tanzania, watu walipanda mbegu, yaani hela zao, wee wakaishia foleni ya kuzidai. Muulize swali moja tu, faida inatoka kwenye biashara gani? Akikosa jibu, hela ibaki mfukoni.